Kosa la Mama Bujiku

Wimbo ule uliingia Didia kwa pikipiki, siku ya gulio, asubuhi watu wakiwa bado wanapanga bidhaa. Kijana wa bodaboda alikuwa amefunga spika chini ya kiti, akapita nao taratibu katikati ya wauza vitunguu na wauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na shingo zote zikageuka. Sauti ilikuwa ya Ngusa. Hakuna mtu wa Didia asiyeijua sauti ile nzito, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila mstari. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kumsifu Kalisti, tajiri mwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Geita, aliyezindua karasha jipya la kusagia mawe. Ulimsifu kwa magari yake, kwa ng'ombe wake, na kwa roho nzuri ambayo wachimbaji wake hawajawahi kuiona.

Lusia alikuwa ameinama akichagua dagaa. Kichwani alikuwa na kitambaa cheusi. Mama yake mzazi, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bujiku, alikuwa amezikwa mwanzoni mwa masika, na mpunga ulikuwa bado haujavunwa. Na huyo Ngusa aliyekuwa akipasua spika kwa furaha ni mume wake.

"Mama Agnetha," muuza dagaa alimwita, "kumbe mumeo kashafungua kinywa?"

"Hajafungua."

"Haya. Basi anayeimba hapo ni mzimu."

Wanawake walicheka, na si kicheko cha utani. Lusia aliacha dagaa kwenye ungo, akajitanda kanga yake na kuondoka bila kuaga. Nyuma yake wimbo ulianza upya.

Ieleweke kosa liko wapi. Ngusa alikuwa manju, mtunzi na mwimbaji wa ngoma, na manju aliyefundishwa kama alivyofundishwa yeye akifiwa haimbi mpaka siku ya kunyoa nywele za msiba. Hata mluzi hapigi. Siku hiyo ya kunyoa ndiyo anafungua kinywa, na wimbo wake wa kwanza ni wa marehemu. Wimbo huo nao una sharti: lazima utaje kosa moja la kweli la huyo aliyekufa, mbele ya watu wote. Aliyemfundisha Ngusa alikuwa akisema kwamba bila kosa, watu wanabaki wakimlilia mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Mama Bujiku alilijua sharti hilo. Kitandani, siku chache kabla hajakata roho, aliwatoa watu wote nje akabaki na Lusia. "Ngusa aniimbe," alisema. "Na asiniimbe uongo." Kisha akamwambia jambo moja, akamwagiza alifikishe kwa mumewe. Lusia hakulifikisha. Kila Ngusa alipomwomba kosa, alijibu kuwa mama yake hakuwa nalo.

*

Alipofika nyumbani alimkuta kaka yake, Bujiku, ameshatangulia. Alikuwa amesimama uani, funguo za gari mkononi. Bujiku alikuwa akiuza magogo ya kuegemezea kuta za maduara huko migodini, na mteja wake mkubwa alikuwa huyo huyo Kalisti. Ngusa alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, kisu kimesimama.

"Shemeji, nakuuliza kwa mara ya mwisho," Bujiku alisema. "Sauti ile ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi yameisha."

"Sauti ni yangu, ila mimi sikuimba. Kalisti alimtuma Marcel wa studio aje kuniomba. Nikamwambia tuna msiba, asubiri tunyoe. Akaniambia karasha halisubiri nywele. Nadhani wametumia hii mitambo yao ya sasa, inayojifunza sauti ya mtu."

"Mashine iimbe kwa Kisukuma chako? Na ule mkwaruzo wako? Unaniona mtoto?"

"Kaka," Lusia aliingilia, "huyu hajatoka hapa tangu tumzike mama. Mimi nalala naye, mimi nala naye. Ameimbia wapi?"

"Wewe nyamaza, utamtetea tu. Mama mkwe wake hajaoza, yeye anamkatia mauno mwenye karasha! Watu wa ukoo wananipigia simu mpaka naona aibu kupokea." Akamgeukia Ngusa tena. "Haya, imba. Imba mistari miwili hapa hapa, tusikie kama kweli ni tofauti."

Ngusa alimtazama. Njia ya kujitetea ilikuwa moja tu, kuimba, na akiimba anakuwa amefanya kosa lile lile analosingiziwa. Bujiku alilijua hilo vizuri, na alisubiri kwa raha kabisa. Ngusa alirudisha macho kwenye viazi na kuendelea kumenya.

"Ndivyo nilivyofikiri," Bujiku alisema. "Siku ya kunyoa utakaa na wageni. Wimbo nitautafuta mwenyewe."

Gari lilipoondoka, Lusia aliketi chini karibu na mumewe. "Nenda Geita," alimwambia. "Mkamate huyo Marcel aseme ukweli."

"Nikionekana Geita watasema nimefuata malipo yangu."

"Basi nitakwenda mimi."

*

Studio ya Marcel ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pampu, chumba kimoja chenye kiyoyozi na zulia jekundu. Lusia alikuwa amepanda gari mpaka Kahama, kisha basi, na vumbi lilikuwa limemkaa mpaka kwenye nyusi. Msichana wa mapokezi alimtazama miguu na kumwambia avue viatu. Kijana aliyekuja baada yake akaingia na viatu vyake. Lusia akasubiri mpaka akasinzia.

Marcel mwenyewe alikuwa mtu mcheshi. "Shikamoo mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma ingawa hawakupishana sana umri, akamvutia kiti. "Wewe ni wa kwangu kabisa. Ngusa amerekodi hapa miaka mingapi! Huyo ni kaka yangu."

"Marahaba. Nimekuja unifutie ule wimbo wa Kalisti. Au utangaze kwamba si mume wangu aliyeimba."

"Kuufuta haiwezekani, uko kwenye simu za watu. Na kutangaza," Marcel alikuna shingo, "Kalisti aliwaambia wageni kwamba manju Ngusa ndiye amelibariki karasha. Kuna mawakala wa dhahabu walitoka Mwanza kwa ajili hiyo. Nikitangaza nitamvua nguo."

"Na wewe umemvua nguo mume wangu."

"Mayu, hebu tuelewane. Nilichukua nyimbo zake za zamani, alizoziimba hapa mwenyewe kwa hiari yake, nikaipa kompyuta ikajifunza. Ameibiwa nini? Koo si bado analo?"

Marcel aligeuza kioo cha kompyuta ili amwonyeshe. Alisema zamani Ngusa alikuwa akimsumbua. Mtu akitaka kusifiwa, manju lazima kwanza aende kwake, alale kwake, ale chakula chake, aulize babu zake, amwone anavyowasemesha watoto na ng'ombe. Mwezi mzima kwa wimbo mmoja! Na akiona mwenyeji ni mtu mbaya, anarudi bila kuimba.

"Sasa hivi mtu ananitumia jina lake na vitu anavyopenda, anakwenda kunywa chai, akirudi wimbo uko tayari. Halafu bei ni ya soda. Kompyuta haiulizi kama wewe ni mtu mbaya."

"Ndiyo maana mnaipenda," Lusia alisema.

Marcel alicheka kwa moyo wote. Kisha akamtazama vizuri kitambaa chake cheusi. "Samahani, wewe si dada yake Bujiku? Wa Didia? Basi umekuja wakati mzuri. Wimbo wa mama yenu aliouagiza nimeumaliza jana."

Alibonyeza. Ngoma zikaanza, kisha sauti ya Ngusa, sauti ile ile iliyomtongoza Lusia shambani kwa watu akiwa binti, ikatoka ukutani ikimwita mama yake nguzo ya familia. Ikamwita taa ya nyumba, chemchemi ya upendo, malaika wa Didia. Mama Bujiku, aliyekuwa akifukuza kuku kwa matusi mazito na kuwapa watoto wa jirani michembe kwa kuwatupia kama anawapiga mawe, hakuwemo ndani yake hata chembe.

"Huyu ni nani?" Lusia aliuliza.

"Mama yako."

"Hapana. Huyu ni mama wa yeyote."

"Ndio uzuri wake," Marcel alisema. "Kila mtu atalia."

*

Kesho yake Lusia alimfuata Ngusa shambani. Mpunga ulikuwa umeshika rangi, na Ngusa alikuwa akiwafukuza ndege kwa kupiga debe. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Hivyo ndivyo alivyotunga miezi yote ile, bila sauti, akipanga maneno aliyoyaokota kwa majirani na kwa mama mdogo Paskalia: Mama Bujiku alivyokohoa kabla hajasema uongo, alivyokataa kuvaa miwani kanisani, alivyoimba peke yake akichota maji na kunyamaza akisikia mtu.

Lusia alimweleza yote ya Geita. Ngusa alisikiliza, na aliposikia kwamba wimbo wa mkwewe umeshatengenezwa kwa sauti yake, aliliweka debe chini.

"Basi mimi wa nini?" alisema. "Waniambie tu. Mimi wa nini sasa?" Lusia hakuwahi kumwona mumewe akilia, hata walipomzika mtoto wao wa kwanza. Sasa alilia huku amesimama, ndege wakitua kwenye mpunga wake.

"Chukua kosa," Lusia alisema.

Akamwambia. Mama yake alikuwa amemchagulia mume mwenye ng'ombe wengi, yeye akamfuata mwimbaji. Mama hakusamehe. Mtoto wao wa kwanza alipofariki, akiwa bado wa kubebwa mgongoni, mazishi yalikuwa nyumba ya pili tu kutoka kwa bibi yake, na bibi hakuja. Watu waliambiwa mguu unamuuma. Lusia aliuamini mguu ule miaka yote, akaukanda, akaununulia dawa.

"Pale kitandani aliniambia, 'Sikuumwa mguu. Nilikuwa namenya karanga.' Basi. Hakuniomba hata msamaha. Akasema nikupe wewe."

Ngusa alikaa chini kwenye jaruba. "Kwa nini hukunipa?"

"Kwa sababu nilimchukia. Na nilimpenda. Ningekupa vipi?"

Ngusa alianza kumsomea wimbo wote, kwa maneno makavu, kwa sababu kusema si kuimba. Alimsomea tena na tena, akibadilisha neno hapa na pale, mpaka kosa likapata mahali pake. Jioni walipokuwa wakirudi nyumbani, Lusia aliujua wote kwa moyo.

*

Siku ya kunyoa Bujiku alileta maturubai, viti vya plastiki na spika zenye urefu wa mtu. Kalisti naye alikuja, akakaa mbele na kofia yake ya pama. Alipomwona Ngusa amekaa nyuma na majirani, alimpungia mkono na kumshukuru kwa kelele mbele ya watu: "Manju! Wabeja kwa wimbo!" Watu wakamtazama Ngusa, wakatazamana wenyewe.

Mama mdogo Paskalia, mdogo wake marehemu, alinyoa vichwa, kila kichwa na wembe wake, wafiwa wakipita kwa zamu. Ngusa alinyolewa mwisho kabisa, baada ya wakwe wadogo na hata mchumba wa mpwa. Lusia aliona, na kila mtu aliona.

Kisha Bujiku akainua simu yake, na spika zikafunguka. Nguzo ya familia. Taa ya nyumba. Watu walianza kulia. Walilia kweli, kwa kwikwi, wanaume wazima wakijifuta na mikono ya mashati, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mama, na wimbo ule ulikuwa wa mama yeyote. Lusia alihisi mashavu yake yamelowa. Aliyachukia macho yake kuliko alivyomchukia Marcel. Mashine isiyomjua mama yake ilikuwa imemliza kwa kubonyezwa tu, kama mtu anavyominya jipu.

Ulipokwisha watu walipiga makofi. Ngusa alisimama, akavua kofia kwenye kipara chake kipya, akapita mbele.

"Shemeji, rudi ukae," Bujiku alimwambia, si kwa ukali. "Mama ameshaimbiwa. Na sauti ni yako mwenyewe, imesikika vizuri kuliko ungeimba na koo lako lililokauka. Unataka nini tena?"

"Nataka kumwimba."

"Chakula kinapoa."

Watu walicheka kidogo. Ngusa alisimama pale bila kujua aiweke wapi mikono yake, kisha akageuka akarudi. Mtu mmoja alimpisha kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomsimamisha Lusia.

Lusia hajui kuimba. Kanisani walimwondoa kwenye kwaya. Alianza juu mno, akakwama, akashuka, akaanza upya, na watoto wakaangua kicheko. Bujiku alisema, "Dada, kaa chini," naye hakukaa. Aliimba kuku na matusi yao. Aliimba michembe ya kutupiwa, na watu waliokuwa wanacheka wakaanza kucheka kicheko kingine, cha kumtambua mtu. Aliimba kikohozi cha uongo, na mzee mmoja akakohoa vile vile, na uwanja mzima ukalipuka. Kwa kitambo kifupi Mama Bujiku alikuwa pale, amesimama na ungo wake. Ndipo akafika mahali pa kosa.

*Siku mjukuu anashuka ardhini,*
*mguu wako ulikuwa mzima, mayu.*
*Ulikaa ukamenya karanga,*
*ukamenya, ukamenya, mpaka tukamaliza kufukia.*

Hakuna aliyecheka. Bujiku alimwangalia Kalisti, kisha chini. "Uongo," alisema. "Mama aliumwa mguu. Lusia, unamtukana mama mbele ya wageni wangu!"

"Si uongo," mama mdogo Paskalia alisema. Alikuwa bado na wembe mkononi. "Zile karanga tulimenya wote. Mimi nilitaka kwenda, akanishika gauni. Alikuwa anasikiliza vilio vyenu, anamenya. Zilipoisha, akawamwagia kuku."

Lusia hakuweza kuendelea. Hapo Ngusa, kutoka nyuma, aliinua sauti yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ilitoka imechoka, yenye kutu ya miezi, haikufanana sana na ile ya kwenye spika. Aliuchukua wimbo pale mkewe alipouacha, akaufikisha mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Kalisti aliaga mapema, na Bujiku akamsindikiza hadi garini akimwomba radhi. Wakati wa chakula mchumba wa mpwa alimsogelea Ngusa na sahani yake, akamuuliza kwa heshima zote: "Shikamoo manju. Huu wa pili nao ametengeneza Marcel?"

*

Gulio lililofuata, Lusia alirudi kununua dagaa, kichwa kikiwa wazi na nywele fupi zikianza kuchomoza. Pikipiki ilipita. Sauti ilikuwa ya Ngusa, laini, bila uchovu wala kutu, na maneno yalikuwa ya kuku na michembe.

Alielewa haraka. Kulikuwa na mtu aliyerekodi kwa simu, akampelekea Marcel, na Marcel akausafisha. Lusia alisimama katikati ya njia akausubiri. Kuku wakapita. Kikohozi kikapita, na pale gulioni watu wakacheka kama walivyocheka siku ile. Pakafika mahali pa mjukuu. Hapakuwa na mjukuu. Mstari wa michembe ulirudiwa, vinanda vikapanda juu, na mama yake akaitwa malaika wa Didia.

"Mama Agnetha," muuza dagaa alisema, "safari hii mumeo katenda haki. Mama yako anastahili."

"Huyo si mama yangu," Lusia alisema. "Mama yangu alikuwa anamenya karanga."

"Karanga? Ziko pale kwa Melania. Fungu mia tano."

Lusia alimtazama, akaona kwamba hamtanii. Akaenda mpaka kwa Melania, akanunua fungu moja, za maganda. Badala ya kuondoka alikunja kanga yake akaketi chini palepale, kando ya njia ambako pikipiki zinapita, akaanza kumenya.

"We mama, si ukamenyee nyumbani?" Melania alimuuliza. "Una nini leo?"

Pikipiki ilikuwa imegeuza, inarudi na wimbo wake. Lusia alisubiri ipite, kisha akamweleza Melania tangu mwanzo: mtoto, mguu, karanga, na kuku waliozila.